Usiku wa Mizuka Katika Mji wa Edinburgh

Mji wa Edinburgh ni makao makuu ya Uskoti, nchi iliyo upande wa kaskazini wa kisiwa cha Britania. Kwa Mkristo wa Afrika Mashariki si mji mgeni kabisa. Ndipo ulipofanyika mkutano mkuu wa wamisionari wa dunia mwezi Juni 1910, na ndipo yalipo makao ya Kanisa la Uskoti, lililotuma wamisionari wake Kikuyu na Tumutumu nchini Kenya. Wengi wetu tulilisikia jina la mji huo kanisani kabla ya kuliona kwenye ramani.

Lakini wageni wengi wanaofika huko siku hizi hawafuati historia ya misheni. Wanafuata mizuka. Jua likishazama, utayaona makundi ya watalii yakipita barabarani nyuma ya mtu aliyevaa joho jeusi na kushika taa mkononi. Wamelipa kiingilio ili waingizwe gizani, wasimuliwe habari za wafu, na kutishwa kidogo kabla ya kwenda kulala.

Sisi tulifika huko mwezi wa Novemba, pamoja na rafiki yetu wa siku nyingi ambaye ni muuguzi London. Tulisoma naye shule moja ya bweni ya wasichana, tukaolewa mwaka mmoja, na watoto wetu wa kwanza wamepishana kwa miezi tu. Wenzake kazini walimpa zawadi ya tiketi mbili za matembezi ya mizuka, pamoja na malazi ya usiku mmoja. Walijua kwamba anapenda historia. Hawakujua kwamba kwa mwanamke aliyezaliwa Kanda ya Ziwa, habari za mizimu na wachawi si mchezo wa kulipia kiingilio.

Je, inafaa kwenda?

Garimoshi kutoka London hadi Edinburgh huchukua kama saa nne na nusu, kwa hiyo tulikuwa na muda wa kutosha kulizungumza jambo hilo. Je, mwanamke Mkristo anafanya nini katika matembezi ya mizuka? Tulikumbushana habari za Mfalme Sauli, aliyejigeuza mavazi usiku akaenda Endori kwa mwanamke aliyejua kuita wafu, na jinsi safari ile ilivyomwacha amelala chini hana nguvu (1 Samweli 28). Mwenzetu akakumbusha jambo ambalo wahubiri hawalitaji sana: mwanamke yule ndiye aliyemwonea mfalme huruma, akachinja ndama wake, akakanda unga na kumlisha.

"Dada, sisi tunakwenda kusikiliza hadithi," alisema. "Hatuendi kumwita mtu."

Tukapatana hivyo. Tutasikiliza kama tunavyosikiliza historia. Ikiwa kiongozi atataka tushikane mikono na kuongea na wafu, tutatoka nje mara moja, tiketi au hakuna tiketi.

Njiani simu ya mwenzetu iliita mara tatu. Kila mara aliitazama, akainyamazisha, akairudisha mkobani. "Ni mambo ya nyumbani," alisema. Hatukumdadisi.

Mji uliojengwa juu ya mji

Mwezi wa Novemba jua la Edinburgh huzama karibu na saa kumi alasiri. Tuliposhuka garimoshi taa za barabarani zilikuwa zimekwisha kuwashwa, na upepo ulikuwa wa kukata masikio. Juu ya mwamba mrefu uliobaki baada ya volkano ya zamani sana kuna ngome ya wafalme. Kutoka ngomeni barabara kuu ya mji wa kale inateremka hadi jumba la kifalme la Holyrood, mwendo wa chini kidogo ya kilomita mbili. Kulia na kushoto kuna vichochoro vyembamba, vingine haviwapitishi watu wawili sambamba. Nyumba ni za mawe yaliyopigwa weusi na moshi wa miaka mingi.

Anayekusudia kwenda huko avae viatu visivyoteleza, maana barabara zimetandikwa mawe na mvua haina adabu. Koti zito si anasa. Watoto wadogo tusingewachukua kwenye matembezi ya usiku, ingawa mchana mji huo unawafaa sana.

Matembezi yalianza saa tatu usiku. Tulikuwa watu kama ishirini, wengi vijana. Kiongozi wetu alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya kanisani, anayesomea historia chuo kikuu na kufanya kazi hiyo usiku ili kujilipia chumba.

Alitusimamisha kwanza mbele ya jengo la halmashauri ya jiji. Chini ya jengo hilo, alisema, kuna kichochoro kizima kiitwacho Mary King's Close, na nyumba zake. Lilipojengwa jengo hili la juu katika karne ya 18, sehemu za chini za nyumba zile zilitumika kuwa msingi. Mwaka 1645 ugonjwa wa tauni ulipopiga Edinburgh, watu wengi wa vichochoro hivi walikufa. Mwaka 1992 mgeni mmoja kutoka Japani, aliyejulikana kwa kudai kwamba anaona roho, alisema amemkuta humo mtoto wa kike aliyekuwa akilia kwa kupoteza mwanasesere wake. Akamwachia mwanasesere. Tangu siku hiyo wageni wamekuwa wakiacha wanasesere na vitu vya kuchezea katika chumba kile.

Vijana walicheka. Sisi hatukuona cha kuchekesha. Kama mtoto yule alikuwapo au hakuwapo, hakuna awezaye kuthibitisha. Lakini kwamba mwaka 1645 mama alifunga mlango wa nyumba huku mtoto wake anawaka homa ndani, hilo halihitaji mtu mwenye macho ya ajabu kuliona.

Chini ya daraja

Kutoka hapo tulikwenda kwenye Daraja la Kusini. Mtu anayepita juu yake hajui kwamba yuko darajani, kwa sababu kuna maduka kila upande. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1788. Lina matao 19, lakini linaloonekana leo ni moja tu. Mengine yote yamezibwa na majengo. Kiongozi alitusimulia kwamba bibi mzee kuliko wote wa mtaa ule, mke wa jaji, alichaguliwa kuwa mtu wa kwanza kulivuka. Akafariki siku chache kabla. Basi wenye mji wakatimiza ahadi yao kwa kulivusha jeneza lake kwanza. Toka siku ile watu wakasema daraja lina mkosi.

Ndani ya matao yale kulifanywa vyumba. Mwanzoni vilitumiwa na mafundi viatu, wauza mvinyo na wenye maduka kuwekea mali zao. Lakini wajenzi hawakuzuia maji vizuri, na mvua ikaanza kupenya darini. Mafundi wakahama. Waliohamia ni maskini wasio na mahali pengine pa kwenda. Katikati ya karne ya 19 vyumba vikaachwa na kujazwa vifusi, na watu wakasahau kwamba vipo mpaka vilipogunduliwa tena katika miaka ya 1980.

Tuliteremka ngazi tukaingia. Hakuna dirisha. Kuta zinatoa jasho la maji. Kiongozi alizima taa yake na kututaka tunyamaze dakika moja, tuone giza walilokaa nalo wenyeji wa humo. Mwenzetu alitushika mkono kwa nguvu. Tulimsikia akiimba wimbo wa kitabuni kwa sauti ndogo sana, na msichana mmoja wa Kizungu aliyekuwa karibu naye akamsogelea zaidi.

Taa ilipowashwa, kiongozi alieleza kwamba waliochimbua vifusi walikuta maganda mengi ya chaza, kwa kuwa zamani chaza kilikuwa chakula cha maskini mjini humo. Walikuta pia vyombo vya nyumbani vilivyovunjika. Kisha akasimulia habari za mzuka wa mtu mwenye viatu vizito ambaye husikika akitembea nyuma ya wageni. Watu walipiga kelele mahali walipotakiwa kupiga kelele. Lakini sisi mawazo yetu yalibaki kwenye yale maganda. Mtu fulani alipika humo, bila dirisha la kutolea moshi, na watoto wakala.

Makaburi ya Greyfriars

Karibu na saa nne na nusu tuliingia katika uwanja wa kanisa la Greyfriars. Watalii wengi hulijua kwa ajili ya mbwa mdogo aitwaye Bobby, anayesemekana kulilinda kaburi la bwana wake mpaka yeye mwenyewe alipokufa mwaka 1872. Sanamu yake iko barabarani. Lakini kwa Wakristo mahali hapa pana uzito mwingine. Katika kanisa hili, tarehe 28 Februari 1638, Waskoti walitia saini Agano la Taifa, wakikataa mfalme asiwapangie namna ya kumwabudu Mungu. Walioshika agano hilo waliteswa kwa miaka mingi. Mwaka 1679, baada ya kushindwa vitani, mamia yao walifungwa katika uwanja ulio ubavuni mwa makaburi haya. Walikaa nje, bila paa, na mkate kidogo, hadi mwezi wa Novemba. Wengine walipakiwa melini kupelekwa makoloni, na meli ikavunjika karibu na visiwa vya Orkney. Zaidi ya 200 walikufa maji.

Sehemu ya mahali walipofungwa imezungushiwa lango la chuma lililofungwa. Kiongozi alikuwa na ufunguo. Tulisimama ndani usiku ule ule wa Novemba, tumevaa makoti na skafu na bado tunatetemeka, tukajaribu kufikiri juu ya watu waliolala pale juu ya majani.

Aliyewashtaki wengi wao alikuwa Sir George Mackenzie, mwanasheria mkuu wa mfalme, ambaye watu walimpachika jina la Mackenzie wa Damu. Alikufa mwaka 1691, naye amezikwa hapo hapo Greyfriars, katika nyumba ya kaburi yenye kuba. Tangu mwaka 1998 imevuma habari kwamba mzuka wake huwachuna wageni, huwavuta nywele na kuwaangusha. Kiongozi aliisimulia habari hiyo polepole, akipunguza sauti, mpaka kijana mwenzake aliyejificha nyuma ya ukuta akaruka mbele yetu na kupiga ukelele. Hapo hata sisi tuliruka. Kila mtu akacheka, na matembezi yakaisha.

Swali la mwenzetu

Wengine walipokuwa wanapiga picha na kuagana, mwenzetu alimwendea kiongozi. "Mwanangu," alimwambia kwa Kiingereza chake cha upole cha wodini, "umetuonyesha makaburi ya matajiri na ya mashahidi. Hao wanawake waliochomwa kwa uchawi katika mji huu, wao wamezikwa wapi?"

Kijana yule aliacha uigizaji wake wote. Alisema hawana makaburi. Walinyongwa kwanza, kisha miili ikachomwa moto, na hakuna kaburi la kuonyesha. Ndipo alipotuambia jambo ambalo hatukulitegemea. Mackenzie huyu huyu wa Damu, alipokuwa kijana, alikuwa hakimu katika kesi za uchawi, na pia aliwatetea wanawake walioshtakiwa. Katika kitabu chake cha sheria cha mwaka 1678 ameandika habari za mwanamke mmoja maskini aliyekuwa amekiri uchawi. Mackenzie alikwenda kumwona gerezani. Mwanamke akamwambia kwa siri kwamba hakuwa na hatia yoyote. Alikuwa mtu wa kufanya vibarua apate kula. Akishaitwa mchawi, hakuna atakayempa chakula wala mahali pa kulala, wanaume watampiga na kumwachilia mbwa, naye atakufa njaa. Kwa hiyo ameona heri akiri, atoke duniani. Akalia kwa uchungu, akapiga magoti na kumwita Mungu awe shahidi wa maneno yake.

Mwenzetu hakujibu. Alimshukuru kijana, akampa mkono. "Kesho asubuhi nendeni ngomeni," alisema kijana. "Kuna kisima ukutani. Watu wengi wanakipita bila kukiona."

Usiku katika nyumba ya wageni

Chumba chetu kilikuwa kidogo, chenye vitanda viwili na birika la chai. Hatukulala mapema. Mwenzetu alitoa simu yake, akatuwekea mbele ujumbe uliokuwa ukimwandama tangu asubuhi.

Mtoto wa shemeji yake, wa miezi kumi, alifariki kijijini wakati wa mvua. Aliugua homa siku tatu kabla ya kupelekwa zahanati. Baada ya maziko, shemeji alikwenda kwa mpiga ramli. Ramli ikasema muuaji ni mtu wa ndani ya nyumba, mwanamke mzee, mwenye macho mekundu. Katika nyumba ile mwanamke mzee ni mmoja tu, naye ni mama mkwe wa mwenzetu, bibi wa marehemu. Sasa ndugu walikuwa wakichangishana fedha ili mpiga ramli yule aje nyumbani "kumaliza kazi". Mume wa mwenzetu, aliyebaki London na watoto, alikuwa ameombwa sehemu kubwa kwa kuwa yuko Ulaya. Alikuwa tayari kutuma, ili yaishe.

"Macho mekundu," alisema mwenzetu. "Mimi ni muuguzi. Mama yule amepikia moshi wa samadi na kuni tangu ana umri wa miaka saba. Nilipojifungua uzazi wangu wa kwanza, yeye ndiye aliyenikanda na kuninywesha uji. Macho yake nayajua."

Alisema pia kilichomtesa zaidi. Alipopata ujumbe ule kwa mara ya kwanza, hakuwajibu ndugu wa mumewe. Kwao mke wa mtoto hasimami mbele ya shemeji na kumpinga katika jambo la msiba. Akinyamaza, hakuna atakayemlaumu. Akisema, ataambiwa amezoea Uzungu, na mara ya pili ataulizwa kama labda yeye na mama mkwe wake wanashirikiana.

Tulisali pamoja. Hatukumshauri zaidi ya hapo usiku ule.

Kisima cha Wachawi

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Tulipanda hadi uwanja ulio mbele ya ngome. Kijana alisema kweli, mtu anaweza kupita pale bila kukiona. Ni kibamba cha chuma kilichobandikwa ukutani, chini yake birika dogo la maji, karibu na duka la kuuza nguo za sufu. Kiliwekwa mwaka 1894 kwa agizo la Patrick Geddes, na mchoraji alikuwa John Duncan. Kuna nyoka amejizungusha, kuna nyuso mbili za wanawake, mmoja mkali na mmoja mtulivu, na kuna ua la mmea ambao ukitumiwa ovyo ni sumu na ukitumiwa kwa kipimo ni dawa ya moyo. Maandishi yake yanasema kwamba wengine walitumia ujuzi wao kwa ubaya na wengine walieleweka vibaya. Siku hizi Waskoti wengi hawakubaliani na maneno hayo, maana yanawaacha baadhi ya wanawake wale na hatia hata leo.

Sheria ya Uskoti ya kuwaua wachawi ilipitishwa mwaka 1563 na kufutwa mwaka 1736. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, waliomaliza kazi yao mwaka 2003, walikusanya habari za washtakiwa 3,837, na katika kila 100 wanawake walikuwa 84. Inakadiriwa kwamba waliouawa ni kama 2,500. Walinyimwa usingizi siku nyingi mfululizo mpaka waseme lolote. Walichomwa kwa sindano kutafuta alama ya shetani mwilini. Na waliokusanya ushahidi mara nyingi walikuwa wazee wa kanisa na wachungaji, wakisoma mstari mmoja wa Kutoka 22 na kuacha mengine.

Mmoja wao ni Agnes Sampson, mjane mwenye watoto, mkunga na mganga wa mitishamba. Mwaka 1590 Mfalme James wa Sita alirudi kutoka Denmark na mke wake mpya, baada ya safari iliyojaa dhoruba. Watu wakatafutwa waliozituma dhoruba zile. Mtumishi wa kike, Geillis Duncan, aliyekuwa akisaidia wagonjwa na kutoka usiku, aliteswa na bwana wake mpaka akataja majina. Agnes alikuwamo. Mfalme mwenyewe alimhoji katika jumba la Holyrood. Akauawa hapo karibu na tuliposimama, tarehe 28 Januari 1591. Mfalme huyo ndiye, baada ya kutawala na Uingereza, aliyeagiza tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1611 na inayojulikana kwa jina lake. Mtu anaweza kuipenda Biblia na bado akamwaga damu isiyo na hatia.

Tarehe 8 Machi 2022, Siku ya Wanawake Duniani, Nicola Sturgeon, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Uskoti wakati huo, aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali. Mwezi Mei mwaka huo huo Mkutano Mkuu wa Kanisa la Uskoti nao uliomba radhi kwa sehemu ya kanisa katika mauaji yale. Wajumbe wake hukutania katika ukumbi ule ule walimokaa wamisionari mwaka 1910. Radhi hiyo ilikuja karibu miaka 300 baada ya sheria kufutwa.

Mwenzetu alisimama mbele ya kibamba kile muda mrefu. Kisha akatoa simu na kumpigia mume wake, pale pale uwanjani, upepo ukivuma. Alizungumza naye kwa adabu, akimwita Baba kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Alimwambia kwamba fedha zitumwe, lakini si kwa mpiga ramli. Zitumwe nauli ya mama kwenda Mwanza kwa wifi yake mkubwa, na za hospitali ya macho. "Mama huyu ndiye aliyekuzaa," alisema. "Wakija kumfanyia jambo usiku, fedha zetu ndizo zitakazokuwa zimelipa." Upande wa pili kulikuwa kimya kirefu. Halafu mume wake akasema atampigia mchungaji wa kijiji, na mjumbe wa nyumba kumi, siku hiyo hiyo.

Hadi tunapoandika haya mama yule yuko Mwanza. Macho yake yametibiwa, ingawa moja haoni vizuri. Shemeji bado hasemi na mwenzetu, wala mama mkwe hajaweza kurudi shambani kwake. Si kila kitu kimekwisha. Lakini yu hai.

Na kwetu sisi?

Tungependa kusema kwamba habari za Agnes Sampson ni za zamani na za mbali. Haiwezekani. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza, Tabora na jirani zake, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Mwezi Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa na umati katika eneo la Marani, Kisii, nchini Kenya. Kilifi wazee wenye mvi hukimbia mashamba yao, na mara nyingine nyuma ya tuhuma kuna mgogoro wa ardhi. Sheria za uchawi tulizorithi kutoka kwa wakoloni zimekuwapo tangu miaka ya 1920, na ramli chonganishi zimepigwa marufuku tena na tena. Sheria peke yake haijatosha, kwa kuwa neno la kwanza halisemwi mahakamani. Husemwa jikoni.

Na jikoni ni sisi. Ni sisi tunaowaambia watoto wasile kwa bibi fulani. Ni sisi tunaonong'ona juu ya mama mkwe mtoto anapoharisha. Hatuwezi kuzuia kila kifo, lakini tunaweza kumpeleka mtoto zahanati siku ya kwanza ya homa, badala ya kutafuta wa kumlaumu siku ya nne. Tunaweza kukataa kuchangia mpiga ramli, hata kama wenzetu watanuna. Tunaweza kuwaambia waume zetu mapema, faraghani na kwa heshima, kabla ndugu hawajakaa kikao. Na inapoonekana hatari ni ya kweli, mchungaji, mwenyekiti wa kijiji na polisi waambiwe siku hiyo hiyo, na mzee ahamishwe kabla jua halijazama.

Vikundi vya akina mama vya kanisa navyo vina kazi. Tunatembelea wagonjwa na wafiwa, na hilo ni jema. Kama katika mtaa wenu yuko bibi ambaye watoto wamekatazwa kupita kwake, mtieni katika orodha ya kutembelewa mwezi huu. Mpelekeeni sabuni, unga na kuni kavu zisizo na moshi mwingi. Nendeni mchana, majirani wakiwaona, na mchukue watoto wenu waende pamoja nanyi. Akiwakaribisha chakula, kaeni mle.